Piano ya Chumba cha Wageni

Piano ya wifi yangu Mahliyo ilifika nyumbani kwetu Kokand siku mbili kabla yake mwenyewe. Ililetwa kwa lori kutoka Margilan, pamoja na makasha ya nguo, magodoro ya pamba na vyombo vilivyofungwa kwa magazeti. Wanaume sita waliishusha langoni, wakaivusha uani huku wakilaumiana, na mmoja wao akabanwa kidole. Mama yangu, Sanobar, alisimama barazani na wanawake wa mtaa mzima nyuma yake, maana mali anayokuja nayo bi harusi haifichwi, hutazamwa na kila mwenye macho. Maharusi wengi walikuja na makasha. Wengine walikuja na friji. Piano hakuna aliyewahi kuja nayo.

"Sasa hili tunaliweka wapi?" baba akauliza.

"Chumba cha wageni," mama akajibu. "Ulitaka tuliweke zizini?"

Chumba cha wageni ndicho chumba chetu kizuri kuliko vyote. Dari yake ilichongwa na babu, na zulia lake halikanyagwi na watoto. Kinafungwa kwa ufunguo, na ufunguo unakaa mfukoni mwa mama. Kabla jua halijazama, piano ilikuwa imeshatandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa mama akapanga seti yake ya chai ya buluu na dhahabu: birika nne, bakuli ishirini na nne za kunywea chai, sahani mbili kubwa za pilau, saa ya mezani na picha ya babu. Mimi ndiye niliyekuwa nampa bakuli moja moja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na niliona imependeza sana.

Mahliyo alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mama yake alifundisha muziki Margilan, na piano ile ilikuwa yake, ndiyo aliyofundishia miaka yote. Alipomwoza binti akampa, naye akabaki na ukuta mtupu. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba kaka yangu Hikmat ameoa msichana mwembamba mwenye vidole virefu, asiyesema sana, na kwamba kuanzia sasa si mimi nitakayefagia ua alfajiri.

Siku ya tatu baada ya harusi wakaja wageni wa kike kumwona. Mahliyo alikuwa bado na shela, anainama kila anapoingia mtu. Mama akamwambia, "Haya mwanangu, wapigie shangazi zako kidogo."

Akaketi, akaweka mikono juu ya vitufe, akaanza kipande kirefu alichokuwa amekipiga kwenye mtihani wake wa mwisho wa muziki. Muziki siujui, lakini nilisisimka mwili mzima. Juu ya piano bakuli nazo zikaanza kulia, tiri tiri tiri, kila mkono wake wa kushoto ulipokuwa mzito. Shangazi Hamro aliendelea kueleza jinsi alivyotolewa nyongo hospitalini. Hata dakika tatu hazikufika, mama akamwinamia sikioni.

"Nzuri sana. Ya kuchezea huijui?"

Mahliyo akapiga ya kuchezea. Wanawake wakainuka, wakacheza, bakuli moja ikatembea mpaka ukingoni nikaidaka. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Mgeni akija, Mahliyo anaitwa jikoni, anajifuta mikono, anapiga ile ya kuchezea, anasifiwa, anarudi kukata karoti.

Nataka nieleweke vizuri hapa. Mama yangu si mtu mbaya, na hakumkataza Mahliyo kupiga piano hata siku moja. Angemkataza, ingekuwa rahisi, watu wangegombana na mambo yangeisha. Yeye kila alipoombwa alisema, "Piga mwanangu, kwani nani kakuzuia? Piano si yako?" Halafu ikawa asubuhi kuna ua wa kunyunyizia maji na kufagia, kuna chai, kuna mikate ya kutia tanurini. Mchana mama amelala, na chumba cha wageni kimepakana na chumba chake. Alasiri kuna mtu kaja. Jioni wanaume wamerudi wanataka kula. Majira ya baridi gesi inakuwa dhaifu, na mama hawashi jiko la kupasha joto chumba kisicho na wageni, kwa hiyo vitufe vinakuwa baridi kama vijiko vilivyolala nje. Na hata siku ambayo mambo yote hayo hayapo, kuna ile seti ya chai. Kuishusha na kuipandisha tena, bila kuvunja, kunakula karibu saa nzima.

Kaka yangu naye alikuwa na jibu moja kwa kila kitu. "Muulize mama."

Mwaka wa pili ukaisha hivyo. Kabla ya Nawruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, mwalimu mmoja aliyemfahamu mama yake Mahliyo akatuma habari kwamba shule ya muziki hapa mjini inatafuta mtu wa kuwapigia piano wanafunzi wa uimbaji na kufundisha wadogo. Kulikuwa na mtihani wa kupiga, vipande vitatu, baada ya miezi miwili. Usiku ule Mahliyo alizungumza na Hikmat, Hikmat akasema amuulize mama, na asubuhi akamuuliza mama huku anammiminia chai.

"Kazi ya shule?" mama akasema. "Ni heshima hiyo. Fanya mazoezi. Nani kakuzuia?"

Mahliyo akaleta fundi wa piano, Mtatari mmoja mzee aitwaye Rafail, aliyekuwa anatembea na begi la ngozi na kulalamikia magoti. Tukashusha vyombo. Mzee akagusa vitufe, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha, kisha akapiga magoti na kufungua ubao wa chini. Akaingiza mkono. Akavuta kitambaa cha hariri ya mistari. Akavuta kingine. Akavuta cha tatu, cha nne, vipande vya kitambaa vilivyokunjwa vizuri, mpaka zulia likajaa.

"Mama," akamwambia mama yangu, "hili ni duka lako?"

Mama hakutikisika. "Ni zawadi za harusi za watu. Ziache humo humo. Mwizi gani atatafuta kitambaa ndani ya piano?"

"Pedali haiwezi kusogea namna hii."

"Miaka miwili haijasogea. Kuna aliyekufa?"

Mimi nilicheka, lakini nilipomtazama Mahliyo nikanyamaza. Alikuwa amekaa chini na kitambaa kimoja mapajani.

"Nilidhani imevunjika njiani," akasema polepole. "Miaka miwili nadhani imevunjika njiani. Mama yangu kila akipiga simu ananiuliza piano yake inaendeleaje, namwambia nzuri, nikiogopa asijue."

Mama akavikusanya vitambaa vyake akavipeleka kwenye kasha, akinung'unika kwamba humo panya watavila. Rafail alifanya kazi mpaka jioni. Alipomaliza, Mahliyo akakanyaga pedali, akapiga sauti moja tu ya chini, na ile sauti ikabaki chumbani muda mrefu. Halafu baba akapiga chafya.

Kuanzia hapo nilikuwa namsaidia. Nilishusha vyombo asubuhi, nikavifunika kwa shuka pembeni, nikatia mikate tanurini mimi. Kwa wiki moja mambo yalikwenda. Wiki ya pili binti wa shangazi Hamro akajifungua, ikabidi chumba kiandaliwe kwa wanawake wa pongezi. Baadaye baba akapata kikohozi, na mama akasema mgonjwa hapigiwi kelele. Kikafuata kikao cha wanawake wa mtaa, zamu yetu. Kila mara mama alisema, "Kesho mwanangu, kesho utapiga mpaka uchoke."

Zilipobaki siku tano, washenga wakaleta taarifa kwamba wanakuja. Walikuwa wanakuja kwa ajili yangu, kutoka Rishton, familia ya wafinyanzi, watu wenye jina. Mama akawa kama mtu mwenye moto nguoni. Zulia likatolewa kupigwa vumbi, madirisha yakafutwa, seti ya chai ikarudi juu ya piano. Na mimi, ambaye nilikuwa upande wa Mahliyo siku zote hizo, nikamfuata jikoni.

"Wifi," nikamwambia, "nakuomba. Siku tatu tu usipige."

"Oydin, mtihani ni Alhamisi."

"Najua. Lakini mama yao ni mtu wa dini sana, wanasema hapendi mambo ya ngoma. Akisikia tangu langoni atasema hii nyumba ya wapiga muziki."

Alikuwa anaosha mchele. Aliendelea kuusugua na maji yalikuwa yameshatakata zamani.

"Siku tatu," akasema.

"Tatu tu."

"Haya."

Washenga walikuja, wakala, wakanitazama, wakaondoka, wakarudi. Kumbe yule mama wa Rishton alipoiona piano aliuliza mwenyewe kama hakuna wa kumpigia. Mama akamwita Mahliyo, akapiga ile ya kuchezea. Mgeni akapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika mkononi, na nilitamani ardhi inifunike.

Alhamisi nikamsindikiza shuleni. Aliingia, mlango ukafungwa, nikabaki kwenye benchi la korido. Kipande cha kwanza kilipita vizuri. Cha pili nilikijua, maana ndicho alichokuwa anakirudia. Kilifika katikati kikasimama. Kikaanza upya mahali fulani nyuma, kikafika palepale, kikasimama tena. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa na mtu akizungumza kwa sauti ya upole, ile ya kuwaambia watu wajaribu mwakani.

Tulirudi kwa miguu. Tulipopita soko la matunda akasema, "Siku kumi na moja."

"Zipi?"

"Nilizopiga. Miezi miwili yote, siku kumi na moja. Na hakuna hata moja niliyofika mwisho wa kitu bila kuitwa."

Tatu katika zile zilizopotea nilizichukua mimi.

Tulipoingia uani mama alikuwa kando ya tanuri. Hakuuliza mtihani umekwendaje. Nadhani alikwishaona usoni, na alikuwa na namna yake ya kumhurumia mtu, yaani kumpa kazi. "Umekuja, mwanangu. Unga umeumuka, uwahi."

Mahliyo akanyoosha mkono. "Mama, ufunguo."

Hakusema tafadhali, wala hakuinama. Mama alishangaa mpaka akampa.

Akaingia chumba cha wageni, akatandika godoro sakafuni, akaanza kushusha vyombo. Nilitaka kumsaidia, akasema, "Acha." Alishusha birika nne, bakuli ishirini na nne, sahani, saa, babu. Akavua koti la mtihani. Akaketi, akaanza kile kipande cha pili tangu mwanzo. Kilipokwama akarudi nyuma, akakipita, akaendelea. Akafika mwisho. Akaanza tena.

Mama akaja mlangoni mikono ina unga. "Mkamwana, unga unafurika kwenye beseni."

Mahliyo hakugeuka.

"Mahliyo. Nazungumza na wewe."

Aliendelea. Mama akanitazama mimi, kana kwamba nina swichi ya kumzimia. Nikaenda nikajaribu ile mikate mwenyewe, lakini tanuri lilikuwa limepoa na mitatu ikabanduka ukutani mwake ikaangukia kwenye majivu. Baba aliporudi kutoka msikitini alisimama barazani muda mrefu, kichwa amekiinamisha. Halafu akachukua mfuko akaenda sokoni kununua mikate.

Kwenu labda hilo ni jambo dogo. Mtaani kwetu, mzee mwenye mkamwana nyumbani akionekana ananunua mikate, watu wanajua pamekufa mtu au pameachwa mtu. Majirani wawili walimsimamisha kumuuliza nani mgonjwa. Baba akawajibu, "Hakuna mgonjwa. Mkamwana wangu ana kazi." Maneno hayo yalifika kwa mama kabla ya mikate yenyewe, na mama hakumsemesha baba kwa siku nne.

Mahliyo alipiga mpaka giza likaingia. Kisha akarudisha vyombo vyote juu, akafunga mlango, akampa mama ufunguo na kuomba radhi. Mama akapokea ufunguo, radhi akaiacha hewani.

Hikmat, aliyekuwa amejificha dukani kwake mpaka habari zitulie, akatafuta suluhisho. Wiki iliyofuata akaja na kinanda cha umeme kilichokwisha tumika, na hedifoni. Alikiweka chumbani kwao juu ya meza ya cherehani, akafurahi sana. Mama alifurahi zaidi. Alisogea karibu kabisa wakati Mahliyo anapiga, akatega sikio, akasikia tu vidole vikigonga plastiki, ko ko ko. "Huyu aliyekibuni hiki," akasema, "ana mama mkwe."

Mahliyo alimshukuru mume wake. Ndiyo kwanza alikuwa na kitu cha kupiga saa yoyote. Lakini piano ina vitufe themanini na nane, na kile kilikuwa na sitini na moja. Nilimkuta asubuhi moja na hedifoni kichwani, anapiga kile kile kipande, na kila mkono wa kushoto ulipoteremka kwenda kwenye sauti nzito, uliangukia juu ya meza. Vitufe vilikuwa vimeisha. Aligonga mbao, akaendelea, akagonga mbao tena. Halafu akavua hedifoni akanipa nisikilize. Akapiga taratibu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia nzuri."

"Kwa sababu hujui kinachokosekana," akasema, na akazima umeme.

Kiangazi kile niliolewa Rishton. Mama mkwe wangu, yule aliyepiga makofi, ni mtu mwenye sheria nyingi, na huko ndiko nilikoanza kuelewa saa za mtu zinavyokwenda. Unaamka nazo zote mkononi, na jioni hujui umempa nani. Nilipokuwa nakwenda nyumbani kusalimia, nilimkuta Mahliyo na mimba, tumbo likimtenga na piano. Safari iliyofuata nikamkuta na mtoto, kisha mtoto na wanafunzi. Maana mama, baada ya kusikia kwamba binti wa daktari wa mtaa wa pili anatafuta mwalimu, alimwita mwenyewe. Mmoja wakawa wanne, wanne wakawa saba. Vyombo vikahamia kabatini, kwa amri ya mama, kwa sababu watoto wa watu wataangukiwa. Sasa anakaa chumbani wakati wa masomo, anawagonga watoto mgongo wakiinama, na anawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyemsukuma huyu mkamwana, bila yeye kipaji kingelala.

Piano inalia tangu mchana mpaka jioni, mazoezi ya vidole, kupanda na kushuka, watoto saba. Mahliyo haigusi. Wakiondoka, ua haujafagiwa.

Nilikasirika kuliko yeye. Mwaka jana shule ilipotangaza nafasi tena, nilimwambia aombe, na mimi nitakuja kukaa siku kumi nifanye kazi zote za nyumba ili apige. Nilimwomba mama mkwe wangu ruhusa. Akafikiri, akaniuliza kama kwetu hakuna wanawake, mwishowe akanipa siku mbili.

Siku mbili hizo nilizikamata kama mwizi. Nilioka, nikafua, nikafukuza wanafunzi saba kwa kusema mwalimu anaumwa jino. Shangazi Hamro alikuja nikamwambia langoni kwamba Mahliyo yuko Margilan, wakati piano inasikika mpaka barabarani. Alinitazama, akasema, "Basi redio yenu ni nzuri," akaenda zake. Mama alikaa barazani na shanga zake, akatikisa kichwa, na ufunguo haukutoka mlangoni.

Alipata. Si kazi yote, nusu, siku mbili kwa wiki, kufundisha wadogo. Ile ya kuwapigia waimbaji alipewa kijana aliyetoka chuo, ambaye hana mtu anayemsubiri kwa mikate. Alinipigia simu kunieleza.

"Na piano ya huko ikoje?" nikamuuliza.

"Mbovu. Vitufe vinne havilii."

"Mama anasemaje?"

"Amekubali. Kasema niende tu, mradi mikate iwe imeiva kabla sijatoka. Kwa hiyo naamka saa tisa."

"Saa tisa usiku, Mahliyo?"

"Unga hauumuki kwa dakika moja."

Nilianza kumwambia kwamba hiyo si haki, kwamba amwambie Hikmat, kwamba baba anaweza kununua mikate siku mbili tu kwa wiki na dunia isianguke. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wale watoto wake wanapokosea.

"Oydin," akasema, "wewe Rishton unaamka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi.

"Ehe," akasema. Kisha akaniambia nisubiri kidogo, mtoto wa daktari amefika. Nilisubiri na simu sikioni. Nikasikia kiti kikisogezwa, kitoto kikianza kupanda ngazi ya sauti, kikikosea sauti ya nne, na Mahliyo akikiambia kianze tena.